Msiwasingizie vijana, klabu zetu zimeuawa na viwanja

Bwana Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipokuwa nikilinunua kwa sarafu pale Mwembe Tayari, na miaka yote hiyo sijakuandikia hata mstari. Ripoti yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu klabu za madaraja ya chini hapa Mombasa ndiyo iliyonitoa kwenye kimya changu. Mwandishi wenu ameandika kwamba klabu hizi zinakufa kwa sababu vijana wa Pwani ni wavivu wa mazoezi na wanapenda kukaa maskani. Kana kwamba hilo halitoshi, akaongeza kuwa Pwani haijawahi kutoa bingwa wa ligi.

Haijawahi? Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka wa 1963, na Nakuru All Stars ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza. Mwaka wa 1964 wakafuata Luo Union. Mwaka wa 1965 taji likaja Mombasa, likachukuliwa na klabu ya Feisal, kabla ya Abaluhya kulipata mwaka uliofuata. Mzee yeyote wa Mji wa Kale au Majengo angemwambia hayo bila kufungua kitabu. Angemsimulia pia jinsi nyumba moja ilivyoweza kugawanyika pande mbili siku Feisal ilipokutana na Liverpool. Nasema Liverpool yetu ya hapa hapa, ile iliyokuja kuitwa Mwenge. Leo kijana anapita Digo Road na jezi nyekundu ya Liverpool ya Uingereza na hajui kwamba mji wake ulikuwa na Liverpool yake. Simlaumu, kwa maana hakuna aliyemwambia, na magazeti ndiyo yaliyopaswa kumwambia.

Tangu 1965 taji hilo halijarudi huku, hilo ni kweli. Klabu ya Bandari ya hapa Mombasa imelikaribia, ikamaliza ya pili mwaka wa 2018 na tena msimu uliofuata. Lakini tazama mwaka wa 2011. Mombasa ilikuwa na timu mbili Ligi Kuu, Bandari na Congo United, na msimu ulipoisha zote mbili zikashuka. Bandari ina Halmashauri ya Bandari nzima nyuma yake na ina uwanja wa Mbaraki, ikajipanga, ikarudi mwaka wa 2013. Congo United haikurudi. Vijana wa timu zote mbili walikuwa wa mji huu huu, wamekulia mitaa ile ile. Kama tatizo ni uvivu, mbona uvivu uliwaingia wa upande mmoja tu?

Nitakueleza klabu inavyokufa, maana moja imefia mikononi mwangu nikiwa katibu. Tulikuwa katika ligi za chini, tukicheza kwenye uwanja wa umma ambao tuliulipia, na risiti ninayo hadi leo. Jumamosi moja tulikuwa na mechi saa nane mchana dhidi ya timu kutoka Kwale. Wageni wamevuka feri Likoni tangu asubuhi, marefa wamefika, mimi nimeshawalipa nauli na posho yao kutoka kwenye mchango wa wachezaji wenyewe, wakiwemo wabeba mizigo wa Marikiti na kipa wetu aliyetoka zamu ya usiku kwenye maghala ya Shimanzi na hajalala hata saa moja. Tunafika tunakuta mahema. Jukwaa limepandishwa katikati ya kiwanja, milingoti ya goli imeng'olewa na kulazwa kando ya ukuta, na ndani ya boksi la penalti kuna vigingi vya chuma vilivyopigiliwa hadi vichwa vyake vikapotea mchangani. Mkutano wa siasa. Nikamwendea afisa aliyetupa kibali, nikamwonyesha risiti, akaniambia kwamba amri imetoka juu na tutafute uwanja mwingine. Uwanja mwingine upi, Bwana Mhariri, saa saba na nusu mchana, siku ya Jumamosi, katika mji huu? Refa akangoja muda wa kanuni ukapita, akaandika ripoti yake: wenyeji wameshindwa kuandaa mchezo. Wageni wakapewa pointi tatu na mabao mawili ya mezani. Tulipotaka kukata rufaa tukaambiwa tulipe ada kwanza, na fedha hizo hatukuwa nazo kwa sababu zilikuwa zimeishia kwa marefa. Mwisho wa msimu tukashuka daraja, na pointi tulizopungukiwa hazikufika hizo tatu. Mfadhili wetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akasema hawezi kutoa pesa kwa timu inayofungwa na mahema. Miezi michache baadaye hapakuwa na klabu tena. Yule kipa sasa anaendesha tuktuk, na jioni anawafundisha watoto wa mtaani kudaka mpira kwenye uchochoro wenye mfereji wa maji machafu. Huyo ndiye anayeitwa mvivu na mwandishi wenu.

Uwanja wa Manispaa wa hapa Mombasa nao ulifungwa mwaka wa 2018 ili ujengwe upya, na ujenzi ukakwama. Mwaka wa 2019 Bandari walitwaa Ngao, kombe la mtoano la taifa, wakaiwakilisha Kenya barani Afrika, na mechi zao za "nyumbani" zikachezwa Kasarani, Nairobi, karibu kilomita mia tano kutoka kwa mashabiki wao. Ikiwa timu yenye halmashauri inahamishwa hivyo, timu ya mtaa itaponea wapi?

Na wanaosema vijana wakafanye mazoezi ufuoni wakati viwanja vimefungwa, hebu waende wakajionee zile njia za umma za kuteremkia baharini upande wa Nyali na Bamburi. Nyingine zina mageti na nyingine zimepitishiwa kuta. Pwani ya bahari tumezaliwa nayo, lakini kijana mwenye mpira kwapani anaulizwa na bawabu anakwenda kwa nani.

Ninachotaka ni hiki. Kila uwanja wa umma uwekwe daftari getini, mechi za ligi ziandikwe humo mwanzoni mwa msimu, na daftari hilo lisifutwe na simu ya mtu yeyote. Jumamosi na Jumapili kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni pasipandishwe hema wala jukwaa. Atakayevunja utaratibu huo alipe nauli ya wageni na posho ya marefa siku hiyo hiyo, afukie mashimo, asimamishe milingoti mwenyewe, na mechi ipangiwe tarehe nyingine bila timu yoyote kupoteza pointi. Gazeti lako nalo lichapishe msimamo wa ligi za chini za Mombasa kila Jumatatu, hata kama ni kwa upana wa vidole viwili. Na lisahihishe habari ya Feisal, katika ukurasa ule ule ulioandika kwamba hatujawahi.

Katibu mstaafu wa klabu,
Majengo, Mombasa