Kituko si sababu ya kumhamisha mtumishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza kwamba watumishi wenye vituko wahamishwe ili wenzao wafanye kazi kwa utulivu. Siwezi kusema sikuyaelewa machungu yake, kwa kuwa mimi mwenyewe nimekaa chumba kimoja na mtu wa namna hiyo kwa miaka minne, na katika mwaka wa pili nilikuwa miongoni mwa watu watano waliotia saini barua ya kuomba aondolewe.

Mimi ni mtumishi wa halmashauri moja ya wilaya katika mwambao wa kaskazini, na ninayemzungumzia ni Msaidizi wa Kumbukumbu, au kama tulivyozoea kusema, karani wa masjala, chumba cha kutunzia majalada ya ofisi. Asiyewahi kufanya kazi serikalini huenda asiujue uzito wa nafasi hiyo. Barua haitoki ofisini mpaka masjala iipe namba ya kumbukumbu, iweke nakala yake jaladani na kuiandikia folio, yaani namba yake ndani ya jalada, kwa wino mwekundu. Kwa hiyo mwenye dirisha la masjala, hata kama mshahara wake haufikii nusu ya ule wa mkuu wa idara, anaweza kuikalia barua ya Mkurugenzi mwenyewe.

Mzee wetu huyu hukalia barua kwa ajili ya Kiswahili. Ukiandika "hauna" mahali pa "huna", inarudi. Ukiandika "lisaa limoja", inarudi huku akitikisa kichwa kama aliyeletewa taarifa ya msiba. Neno "imepelekea" hulipigia mstari na kuandika pembeni, kwa penseli iliyochongwa kwa wembe: "Imepeleka nini, wapi?" "Changamoto" anairuhusu mara moja kwa kila barua, na ukiirudia anakutaka useme kama ni shida, kikwazo, upungufu au deni. Wapo wataalamu wanaoyakubali baadhi ya maneno anayoyakataa, lakini wataalamu hao hawakai kwenye dirisha letu.

Hapo sijataja feni. Chumbani mwetu feni haikuwa ikiwashwa kwa sababu upepo wake ulifungua majalada, na anayeijua Februari ya pwani atanihurumia. Kabla ya kufungua kabati la chuma hubisha hodi mara tatu, desturi aliyoianza, kama nilivyosimuliwa, siku mjusi alipomrukia kifuani. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, anaiadhimisha kwa kanzu na sahani ya kashata. Na kwa kuwa tarehe hiyo ni Sabasaba na ofisi zimefungwa, sherehe yake huangukia siku ya kazi inayofuata. Siku hiyo hubandika ubaoni sentensi mbovu za mwaka mzima, bila majina. Kila mtu huitambua yake.

Kisa kilichonifikisha kwenye ile barua ya watu watano kilitokea siku ya Ijumaa, saa nane mchana. Nilikuwa nimeandaa tangazo la kusomwa Jumamosi kwenye mkutano wa wafanyabiashara, nalo lilisema: "Wafanyabiashara watahamia soko jipya kabla ya mwisho wa mwezi, aidha watalipa faini." Mzee akaisoma, akavua miwani.

"Mwanangu, hawa watu wanahama, na faini wanalipa vilevile? Kosa lao nini?"

Nikamjibu kwa hasira kwamba kila mtu angeelewa. Akanieleza, kwa utaratibu ambao ulizidi kunichoma, kwamba "aidha" maana yake ni "vilevile" au "zaidi ya hayo", na kwamba nililolitaka ni "ama" au "la sivyo". Saa tisa na nusu ilipofika akafunga dirisha. Tangazo likatoka Jumatatu, mkutano ukawa umekwisha, na mimi nikapewa barua ya kutakiwa kutoa maelezo. Maelezo yangu ya ukurasa mmoja na nusu nayo yalipaswa kupita dirishani kwake. Yalirudi na masahihisho mawili.

Alikuwa sahihi kuhusu neno, na alikosea kulizuia tangazo. Hayo mawili nilichelewa sana kuyatenganisha.

Ofisa Utumishi wetu, aliyekuwa na miezi michache tu katika kituo hicho, hakuipeleka mbele barua yetu. Alituita sote watano pamoja na Mzee, akatuuliza kama yupo aliyewahi kumwambia kwamba ucheleweshaji wake unatuumiza. Tukatazamana. Tulikuwa tumemcheka koridoni, tumeiga sauti yake wakati wa chai saa nne, tumemlalamikia kwa wake na waume zetu nyumbani. Kumwambia yeye, hapana. Mzee ndiye aliyeshangaa kuliko wote, kwani kumbe aliamini anatuokoa na aibu, na kwamba tulikuwa tukimshukuru kimoyomoyo.

Kikao hakikumaliza nusu saa. Ilikubaliwa kwamba barua yenye alama ya HARAKA ipewe namba saa ileile na kosa lake lisemwe kwa mdomo, na kwamba barua nyingine zinaweza kurudishwa mara moja, si mara mbili. Kuhusu feni, kesho yake Mzee alikuja na mfuko wa mawe ya ufukweni, ameyaosha na kuyakausha, akaweka moja juu ya kila rundo la majalada. Feni inazunguka tangu siku hiyo.

Ndiyo maana nasema uhamisho si dawa. Mwajiri akimhamisha mtumishi hulazimika kumlipa posho ya kujikimu na gharama za kusafirisha familia na mizigo, na ofisi inayompokea haiambiwi lolote kuhusu kabati na hodi. Simtetei mtoro, mwenye matusi, wala mkubwa anayewafokea walio chini yake kisha akasamehewa kwa neno la "ndivyo alivyo". Hayo ni makosa na kanuni za utumishi zina utaratibu wake. Lakini anayebisha hodi kabatini amemdhuru nani?

Sisemi kwamba Mzee amebadilika. Waliodhani mfumo wa e-Ofisi, unaopitisha barua na majalada kwa kompyuta, ungemnyamazisha hawakujua kwamba nao una nafasi ya maoni, na wiki iliyopita aliuliza humo kama wafagiaji wanaofanya "zoezi la usafi" watasahihishiwa na nani.

Msomaji mwenzangu ameeleza kwa kirefu jinsi jirani yake wa mezani anavyozungumza na simu kwa kelele, anavyohesabu vocha kwa sauti na anavyokula embe mbichi kwa pilipili juu ya nyaraka. Nimeitafuta katika barua yake sentensi moja inayosema kwamba alimwambia. Sikuiona, nami naomba atujuze.

Barua hii haikupita dirishani kwa Mzee, hivyo makosa yaliyomo ni yangu mwenyewe.

Wako,
Mtumishi wa Umma,
Tanga