Barua kwa Mwanangu Kabla ya Alhamisi

Majengo, Pumwani
Jumapili, baada ya alasiri

Mama,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imenishinda. Nikikutumia ujumbe hunijibu kwa kidole gumba, nami sijui kidole hicho maana yake "nimesikia" au "niache". Mdogo wako atakuletea karatasi hii Donholm jioni. Isome umekaa, usiisome huku unafungasha.

Jana kama saa tano nilikuwa barazani. Akapita mwenzako wa wodini, yule mrefu wa zamu ya usiku, ametoka Gikomba na mfuko wa viatu vya watoto. Akanisalimia kwa adabu, akaketi, mama yako akampa chai. Akasema, "Baba, mwambie asisahau, Jumamosi ijayo chapati ni juu yake, mwezi mzima huu nimenunua mimi." Nikacheka. Kisha nikahesabu siku. Ndege yako ni Alhamisi; Jumamosi ijayo wewe utakuwa umeshalala usiku wa kwanza Manchester, Uingereza, kwenye masomo yako. Yule mwanamke hajui lolote. Mama yako aliingia jikoni akajifanya anatafuta sukari, na sukari ilikuwa mezani.

Umewaaga wenzako wa wodini? Hilo tu ndilo ninalouliza. Mkubwa wa wodi najua anajua, maana ndiye aliyekupitishia ruhusa ya masomo. Wengine je?

Najua utakalosema. Utasema, si wewe baba uliyesema mdomo ufungwe mpaka ndege iruke? Ndiyo, nilisema. Ilikuwa mwezi wa tano, viza haijatoka, na binti wa kichochoro cha pili alikuwa ameshaagwa kwa pilau na dua, begi zimefungwa, kisha viza ikakataliwa. Mpaka leo akienda dukani wapo wanaomuuliza kama huko Kanada baridi imepungua. Nilikuogopea hayo. Viza yako imetoka mwezi wa nane. Kuanzia siku hiyo maneno yangu yalikuwa yamekwisha kazi, lakini hukuniuliza, nami sikusema. Nilikuwa nikiwaza mahasidi. Wadhamini sikuwawaza kabisa.

Hao ndio walioninyima usingizi jana. Watatu walikutilia saini mkopo wa sacco ili upate ada. Mimi ni mtu wa reli, lakini sacco naijua. Makato yako hutoka kwenye mshahara kabla hujauona. Likizo yako haina mshahara. Mshahara ukisimama na makato yanasimama, na sacco haina nauli ya kukufuata Uingereza. Inageuka kuwatazama waliotia saini. Akiba zao zimefungwa kwa sababu yako. Mmoja wao akitaka kutoka katika chama leo, hawezi, mpaka wewe umalize au apatikane mwingine wa kushika nafasi yake. Umeniambia umepanga benki ikate kila mwezi kutoka kwenye akaunti yako. Vizuri sana, hapo umefanya kazi ya mtu mzima. Basi chukua ile karatasi ya benki uwaonyeshe, mmoja mmoja, ana kwa ana. Wasikie kutoka kwako kabla hawajasikia kwa mpishi wa kantini kwamba umepanda ndege.

Nitakuambia jambo, kisha tusilizungumze tena.

Mwaka 1983 nilikuwa fundi kijana kwenye karakana ya reli Mombasa. Tulikuwa na mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, watu 10, kila mtu shilingi 200 kwa mwezi. Mimi nilipokea mwezi wa pili, shilingi 2,000, ndiyo iliyonunua cherehani ya bibi yako. Mwezi wa tatu ikaja barua ya uhamisho: Nairobi, miezi 6, niripoti Jumatatu. Aliyekuwa akikusanya pesa za mchezo alikuwa rafiki yangu, kazi yake ilikuwa stesheni ya Changamwe. Nilijiambia nitamwandikia nikifika. Treni ya usiku ikaondoka Mombasa saa moja jioni. Tulipoikaribia Changamwe nilimwona kwa mbali, amesimama na taa yake ya kijani, akiyatazama mabehewa yanavyopita kama alivyofanya kila usiku. Dirisha langu lilikuwa wazi. Nilirudisha kichwa ndani.

Alinilipia miezi 8 kutoka mfukoni mwake. Nililipa, kwa posta, zote 1,600, ila mwaka ulikuwa umeshapita. Stakabadhi ninayo mpaka leo, imo kwenye kile kibweta cha vyeti vyenu. Barua yake sina, kwa sababu hakuandika. Treni ile ilipokoma 2017 watu mtaani walisikitika, mimi nilipumua. Na hiyo miezi 6 ya Nairobi imefika wapi, unajua mwenyewe.

Sasa usinielewe vibaya, sikwambii ufanye sherehe. Nairobi mtu akisafiri watu hukodi matatu, wakamwimbia mpaka uwanja wa ndege Embakasi, wakapiga picha, na wiki mbili baadaye hakuna anayempigia. Sitaki hayo. Nenda wodini siku ya Jumatano zamu zinapopokezana, hapo utawakuta wa usiku na wa mchana pamoja. Mama yako ataumua mahamri Jumanne usiku, kasema 60. Waambie unakwenda wapi, kusoma nini, na utarudi lini. Kisha waombe radhi. Wewe umelelewa Majengo, sina haja ya kukufundisha kwamba msafiri huomba radhi kabla ya kuinuka. Uliyemkosea akuambie, anayekudai akudai ungali unaonekana. Na mama wa kibanda cha chai pale langoni, mlipe. Najua una daftari kwake, usinibishie, mwaka juzi nililipa mimi.

Usimwahidi mtu simu. Watakuambia "utuletee", wewe cheka tu, useme Mungu akijalia. Simu moja ukiahidi kwa mdomo utakuwa na madeni 12 ukirudi. Lakini wakikuchangia kitu, hata kitenge, pokea kwa mikono miwili, usianze ile ya "jamani mngeacha".

Na usiwaambie kwamba ni mwaka mmoja tu kana kwamba mwaka ni kitu kidogo. Kwako ni mwaka. Kwa yule mrefu ni zamu za usiku bila mtu wa kumwachia kitanda namba fulani amalize kunywa chai.

Mimi najivunia, mama. Ijumaa nikitoka msikitini imamu aliniuliza watoto hawajambo, nikahisi maneno yamefika kwenye meno: binti wa fundi wa reli anakwenda kusoma shahada ya pili. Nikayameza. Miezi minne nimekula siri hii kama mgonjwa aliyekatazwa chumvi. Ukishawaambia wenzako nami nitaruhusiwa kusema. Sikatai, hilo nalo limo katika haraka yangu.

Haya, ya nyumbani. Mama yako amesaga bizari ya pilau, pakiti tatu, amezifunga kwa karatasi juu ya karatasi mpaka zinafanana na kitu cha kukamatwa nacho. Alitaka kukuwekea na nyama ya kukausha. Nimemwambia Waingereza hawaruhusu nyama wala maziwa ya kutoka huku, amenuna, anaona ni ubahili wangu. Mweleze wewe. Begi ni mbili za kilo 23, zipime kwa mizani ya mwenye duka la nafaka, usipime kwa kubeba mkononi kama ulivyofanya safari ile.

Tokeni za stima zetu huja kwenye simu yako. Ukiondoka zitaniletea giza. Badilisha ziende kwa mdogo wako, na mwandikie namba ya mita ukutani, si kwenye karatasi. SHA, hii bima ya afya, ya mama yako na yangu imelipwa mpaka lini? Zamani NHIF ilikuwa kila mwezi, hata nikisahau nilikumbushwa. Hii ya mwaka mzima kwa mkupuo naiogopa, na dawa zake za presha unazijua. Laini yako ya hapa usiiache ilale, laini ikilala sana hufungwa, na pesa zako zote ziko humo.

Saa zenu kwa sasa zitakuwa nyuma ya zetu kwa saa 2, mwisho wa Oktoba ziwe 3. Kwa hiyo usinipigie ukitoka darasani jioni ukidhani bado sijalala. Piga. Nitaamka.

Friji lako lije hapa, lile letu linalia usiku. Godoro mpe jirani yako, amekufungulia mlango mara nyingi ulipotoka kazini usiku wa manane. Naye umemuaga?

Kijana amevaa viatu, ananiangalia. Mpe ufunguo wa pili na mtungi wa gesi aje nao. Usinitumie kidole. Ukishazungumza na yule wa chapati mwambie mdogo wako aniambie neno moja tu, "ameagwa", nitaelewa.

Ni mimi,
Baba yako

Mama yako anapiga kelele kutoka jikoni: unga wa mahamri 60 haupo, kuna wa 20. Mtumie pesa leo, kesho kwa Mama Saidi unapanda bei.