Magazini yangu ilirudi imejaa

Mpendwa mshauri,

Nina miaka 22, mwanajeshi. Niko nyumbani kwa likizo na zimebaki siku tisa. Jina langu usilitoe, tafadhali.

Mdogo wangu ana miaka 18. Tangu nifike habanduki ubavuni mwangu. Fomu za jeshi ameshazijaza, anangoja neno langu tu, maana kwake mimi ni simba. Sasa neno lenyewe ndilo linalonikwama.

Mara ya kwanza kushambuliwa tulikuwa doria, tukaviziwa. Risasi inayokupita karibu hailii kama ulivyoizoea kwenye uwanja wa shabaha. Inachapa kama mjeledi sikioni. Kisha masikio yakaziba. Niliona midomo ya wenzangu ikienda bila sauti. Mimi niliyeweza kufungua na kufunga bunduki gizani, siku ile kidole hakikukiona kifyatulio. Nililala kifudifudi nikitazama soli ya buti la mwenzangu wa mbele, palikuwa na kijiwe kimenasa. Kijiwe hicho naweza kukuchorea hadi leo. Nilijikojolea pia. Nakwambia kwa kuwa hunijui.

Kulipotulia, koplo akapita kukagua risasi zilizobaki. Akaichukua magazini yangu, kile kisanduku cha risasi cha bunduki, akaisikia uzito wake, akanitazama, akanirudishia, akaenda kwa mwingine. Mpaka leo hajasema kitu. Lakini kuna mwenzetu siku ile alilia kwa sauti, machozi na kamasi, huku anapiga risasi. Huyo ndiye aliyebandikwa jina la Mwoga. Walipomcheka, nami nilicheka.

Mara zilizofuata nilipiga. Hofu haikuondoka, ila nilijifunza kuanza na kitu kidogo: kwanza nipumue, kisha nimtafute wa kulia kwangu yuko wapi, kidole baadaye. Kama huo ndio ujasiri, basi ni mdogo kuliko unavyosimuliwa hapa sebuleni. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa kilio, lakini hawakusema mwoga akipokewa kama shujaa kiende kipi.

Nimesoma kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake 306 kwa makosa kama utoro na woga, wengine wavulana wa rika la mdogo wangu. Msamaha ulitoka mwaka 2006. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Niliwaza ni wangapi kati ya waliofyatua walikuwa kama mimi.

Nikimweleza mdogo wangu, ataona namkatisha tamaa makusudi, na mama atasikia, naye hata sasa halali. Nikinyamaza, ataenda akiamini damu yetu haiogopi. Siku masikio yake yatakapoziba atadhani ni yeye peke yake duniani. Simkatazi kwenda, kazi hii naipenda, hilo nalo lieleweke.

Tena kuna yule wa jina la Mwoga. Nikirudi tutalala handaki moja. Je, nianze na huyu wa nyumbani au yule? Na nianzie wapi, kwenye magazini au kwenye kicheko?

Jana usiku mdogo wangu aliniuliza nimeua wangapi. Nikamwambia alale.

Nijibu kabla likizo haijaisha.

Kaka Mtu