Bima ya afya: ukiikata leo, kesho unarudi kama mgeni

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wanaofikiria kuacha bima ya afya ili kupunguza matumizi. Hesabu yao ni moja: mwaka mzima nimelipa, sijaugua, fedha zimekwenda bure. Wanasahau kuwa bima ikikatika wanapoteza pia miezi yote waliyokwisha kuisubiri ili matibabu yaanze kulipiwa.

Skimu nyingi, yaani mipango ya bima, humpokea anayerudi kama mgeni. Anajaza fomu upya, anatajiwa kipindi cha kusubiri kabla ya kulipiwa. Ajali aghalabu hulipiwa mapema, maradhi ya kawaida baada ya wiki chache, upasuaji usio wa dharura baada ya miezi, na uzazi mara nyingi miezi 9 hadi 12. Mwanamke aliyekata bima Januari akapata mimba Machi hana pa kukimbilia: hata akijiunga siku aliyopima, atajifungua muda haujatimia. Kisukari kilichogunduliwa akiwa nje ya bima nacho huhesabiwa ugonjwa aliokuja nao. Kutegemea mkataba na sheria ya nchi, ataongezewa ada, atasubirishwa zaidi, au ugonjwa huo hautalipiwa. Na asithubutu kuuficha. Faili la kliniki lina tarehe, na dai likikataliwa kwa udanganyifu, uanachama wote huweza kufutwa.

Mwilini mambo huenda kimyakimya. Mgonjwa wa presha asiye na bima haachi dawa kwa siku moja. Huanza kuruka: kidonge cha kila siku kinamezwa siku moja, siku ya pili kinaachwa, na vidonge 30 vinavutwa hadi siku 60. Hasikii maumivu, basi anaamini vinatosha. Kumbe presha iko juu, inaumiza mishipa ya ubongo, moyo na figo, na kipimo cha figo ambacho kingemshtua alikwisha kukiacha kwa sababu sasa ni cha fedha taslimu. Figo zikishindwa kabisa, kusafisha damu kwa kawaida ni mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Hizo ni safari 156 kwa mwaka. Ada iliyookolewa ingelipia ngapi?

Linaloniuma zaidi ni watoto. Mzazi akikata, kadi zao zinakufa siku hiyo hiyo, nao hawakuulizwa.

Fedha zikibana kweli, punguza kabla ya kukata. Toa huduma za meno na miwani kwanza. Shuka daraja la wodi. Kubali kuchangia sehemu ya gharama za kliniki, omba kulipa kwa awamu. Kulazwa na magonjwa sugu usiviguse. Anayehama skimu asiache ya zamani kabla mpya haijaanza kufanya kazi, na aombe barua inayoonyesha tarehe za uanachama wake, maana wapo wanaofuta kipindi cha kusubiri kwa asiyekatika hata siku moja. Aliyeachishwa kazi aulize wiki hiyo hiyo kama anaweza kuendelea kwa kujilipia. Dirisha hilo hufungwa haraka.

Kama tarehe imeshapita, soma mkataba uone siku za nyongeza baada ya bima kuisha. Ukilipa ndani ya siku hizo, kwa kawaida uanachama unaendelea pale pale ulipoishia. Ukichelewa, unaanza upya na fomu.

Msomaji wako