Mafunzo ya Jumamosi, majaruba ya Mabogini

Ndugu wanakikundi,

Mafunzo ya udhibiti husishi wa visumbufu vya mpunga, yaani kutumia mbinu mbalimbali kwa pamoja badala ya kutegemea dawa pekee, yataendelea Jumamosi saa 1 asubuhi, shambani na si darasani. Tutapasua mashina yenye masuke meupe yasiyo na punje ili kila mmoja amwone funza anayetafuna ndani, kisha tutahesabu buibui na kerengende kabla ya mtu yeyote kutaja bomba la dawa, kwa kuwa dawa inayopigwa ovyo huwaua pia walinzi hao na kuwaachia nafasi wadudu waharibifu.

Kimyanga ni ugonjwa wa virusi usio na dawa, na huenezwa na mbawakawa, hata kwa mikono yetu na mundu. Mwenye jaruba lenye majani ya manjano yenye michirizi aje na picha. Tafadhali, asilete mche.

Mabuti ni lazima.

Mratibu