Rubani Yupo, Amesimama Chini: Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama wa Unguja na Pemba, Assalaam alaykum.

Katiba ya jumuiya yetu ya warusha droni inamtaka mwenyekiti awaeleze wanachama, kila unapomalizika mwaka, yaliyofanyika na yaliyoshindikana. Mwaka huu nitakaa zaidi kwenye jambo moja, nalo ni leseni ya kurusha droni kwa kazi ya malipo, kwa sababu ndilo lililochukua muda mwingi wa kamati, na ndilo litakaloamua kama riziki hii itabaki mikononi mwetu au tutakuja kunyang'anywa.

Nianze na jina lenyewe. Tumezoea kusema ndege isiyo na rubani, na jina hilo limeenea magazetini na katika hotuba. Kanuni za usafiri wa anga zilizotolewa nchini mwaka 2018 zinavitaja vyombo hivi, ukizifasiri, kuwa ni ndege zinazoongozwa kutoka mbali, na mimi naona majina hayo mawili yanatofautiana sana. Anayesikia "isiyo na rubani" hudhani hakuna mtu wa kuulizwa, na anayesikia "inayoongozwa" hutafuta ni nani anayeiongoza. Rubani yupo, ila amesimama chini, mara nyingi kivulini pa mwembe na rimoti mkononi, na kila kitakachotokea juu ni dhamana yake.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu ya tukio la Pemba, ambalo wengi wenu mmelisikia kwa vipande vipande. Mwanachama mwenzetu, aliyeniruhusu kulisimulia bila ya kumtaja, alikodiwa kupiga picha za harusi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Mkoani wakati wa mavuno ya karafuu. Hakuwa na leseni wala kibali cha kazi hiyo. Asubuhi alipokuwa akifunga mkoba aliiona betri moja imeanza kuvimba ubavuni, akaitia hivyo hivyo kwa kuwa zile nyingine hazikuwa zimejaa. Saa tisa alasiri, chombo kikiwa juu ya uwa wa jirani, umeme ukakatika na kikaanguka kama jiwe juu ya jamvi la karafuu zilizoanikwa. Mtoto mdogo aliyekuwa akicheza pembeni ya jamvi lile alikuwa ameitwa ndani kula, dakika chache kabla.

Nilikwenda kuomba radhi kwa niaba yetu sote. Nilimkuta bibi mwenye karafuu amechutama, akiokota chembe mchangani moja moja na kuzipuliza vumbi kabla ya kuzitia kwenye kikapu. Jamvi lilikuwa na mpasuko wa urefu wa shubiri moja, pale mkono wa chombo ulipotua. Hakugomba. Aliniuliza tu: "Mwanangu, nani alikuwa akiiendesha?" Mwanachama wetu alilipa karafuu na jamvi, na bwana harusi akarejeshewa fedha zake. Lakini swali la bibi yule ndilo swali la sheria, na wakati ule hatukuwa na jibu lililoandikwa popote.

Kutokana na hayo kamati iliamua kulisoma upya suala zima la leseni, na tuligundua kwamba wengi wetu tulikuwa tukitamka "leseni" kana kwamba ni karatasi moja. Kuna usajili wa chombo chenyewe, kwa namba yake ya kiwandani. Kuna leseni ya mtu anayekiongoza, inayothibitisha kuwa amefunzwa na amepimwa. Kisha kuna idhini ya mwendeshaji, yaani mtu au kampuni inayouza huduma, na hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa mwendeshaji anatakiwa kuonesha kwa maandishi jinsi anavyofanya kazi zake: anapimaje hatari kabla ya kurusha, nani anatunza kumbukumbu za betri na propela, afanye nini mawasiliano yakipotea, na bima yake inamlipa nani. Mwanachama anaweza kuwa fundi hodari wa kurusha na bado akashindwa hapa, kwa sababu hajawahi kuandika hata ukurasa mmoja kuhusu kazi anayoifanya kila wiki.

Usafiri wa anga ni miongoni mwa mambo ya Muungano, kwa hiyo mlango wetu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na mwanachama anayeamini kuwa barua ya ofisi moja ya hapa visiwani inamtosheleza anajidanganya. Pamoja na Mamlaka hiyo kuna idhini ya upande wa ulinzi, kupitia wizara inayohusika, ambayo mtu haipati kwa kupiga simu. Anayetaka kupiga picha Mji Mkongwe akumbuke pia kwamba mji ule uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na una mamlaka yake ya uhifadhi, na tena uwanja wa Abeid Amani Karume uko kilomita chache tu kutoka hapo, ambako vindege vidogo vya abiria hushuka vikipita chini chini juu ya bahari.

Wapo wanachama vijana waliojifunza kwa intaneti na kufanya mitihani ya nchi za nje, na nawapongeza kwa bidii hiyo. Utaratibu wa Marekani, kwa mfano, ulioanza kutumika Agosti 2016, ni mzuri kuusoma: mwombaji awe na umri usiopungua miaka 16, ajibu maswali 60 na apate asilimia 70, na chombo chake kisipande zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, ambazo ni kama mita 120, isipokuwa akiwa karibu na jengo au mnara mrefu. Lakini cheti kile ni cha anga ya Marekani. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ni mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, katika Ibara ya 8, ulikwisha kusema kwamba chombo kinachoweza kuruka bila ya rubani ndani yake hakitapita juu ya nchi yoyote bila ya idhini maalumu ya nchi hiyo. Maneno hayo yaliandikwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na ndiyo msingi wa tunachodaiwa leo.

Darasa letu la Jumamosi limekuwa faraja yangu kubwa mwaka huu. Somo lililotusumbua kuliko yote ni la kusoma taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege, ambayo huandikwa kwa saa za dunia, zile zinazowekewa herufi Z. Tuliandika ubaoni taarifa ya uwanja wetu, ambao kifupi chake katika taarifa hizo ni HTZA, yenye alama 0600Z na upepo 16018KT. Mmoja akasema ni saa sita mchana, mwingine akasema ni saa kumi na mbili asubuhi, na kila mmoja alikuwa na hoja. Jibu ni saa tatu asubuhi, kwa kuwa saa za Afrika Mashariki ziko mbele kwa saa tatu, na sisi Waswahili huanza kuhesabu mchana kwa mapambazuko. Njia nyepesi tuliyoipata ni kutoa tatu katika saa iliyoandikwa: 0900Z ni saa sita mchana, 1200Z ni saa tisa. Upepo ule ni wa kusi, unaotoka nyuzi 160, yaani upande wa kusini ulioegemea mashariki kidogo, kwa kasi ya noti 18, ambazo ni kama kilomita 33 kwa saa, na chombo cha chini ya kilo moja kikiwa pwani ya Jambiani kitakwenda nao vizuri, kisha betri imalizike kikiwa njiani kurudi. Nahodha wa jahazi angelijua hilo bila ya kufundishwa. Sisi tulilazimika kulisomea.

Somo jingine liliwahusu wanaorusha kutoka kwenye boti. Mawasiliano yakikatika, chombo hurejea pale kilipoanzia, na kama boti imesogea, pale kilipoanzia ni maji. Mpangilio huo ubadilishwe kabla ya kuruka, na kimo cha kurejea kizidi minazi na minara ya simu iliyo karibu. Wanaosafiri kwa ndege kwenda Pemba wakumbuke kwamba betri za ziada hubebwa mkononi, na inayozidi saa-wati 100 (kipimo cha nishati ya betri) huhitaji ruhusa ya shirika la ndege.

Ipo hoja iliyotolewa katika kikao cha tawi la Pemba, kwamba masharti haya yametungwa kuwazuia vijana. Siikubali, na sababu yangu iko hapa hapa nyumbani. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walianza kupiga picha visiwa vyote viwili kwa droni, zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na waliorusha walikuwa ni pamoja na wanafunzi wetu. Mwaka 2019 droni ilinyunyiza dawa ya kuzuia viluwiluwi vya mbu katika mabonde ya mpunga ya Cheju. Kazi hizo ziliwezekana kwa kuwa zilikuwa na vibali, na aliyeuliza nani anaendesha alijibiwa. Kazi za namna hiyo, za kupima mashamba, kuangalia fukwe zinavyoliwa na bahari na kukagua minara, zinalipa kuliko harusi, na mwenye kuzitoa hukuuliza karatasi kabla ya kukuuliza bei.

Ninachokubali ni kwamba muda wa vibali haulingani na desturi ya wateja wetu. Mteja hupiga simu Jumanne kwa harusi ya Ijumaa. Kamati inawaagiza wanachama wasizipokee kazi za namna hiyo kama hawana idhini mkononi, na wamweleze mteja siku zinazohitajika kwa upole na kwa maandishi. Pia, hata mwenye vibali vyote apite kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kabla ya kurusha. Watu wa mitaani wana haki ya kujua ni nani anayeangalia nyua zao kutoka juu, ambamo wanawake hukaa bila ya kujitanda wakijua hawaonekani. Nimeshasikia malalamiko ya aina hiyo mara mbili mwaka huu, na yote mawili yalikuwa ya haki.

Hesabu za fedha atazisoma mshika fedha, na hazina utata.

Kamati inaleta mapendekezo mawili yapigiwe kura. La kwanza ni kuanzisha mfuko wa kuwakopesha wanachama ada za mafunzo na mtihani, walipe kidogo kidogo kutokana na kazi zao. La pili ni kwamba kuanzia mwakani mwanachama asiye na leseni asitumie jina la jumuiya anapotafuta kazi ya malipo, ingawa milango ya darasa itabaki wazi kwake. Mwanachama wetu wa Mkoani ndiye wa kwanza kuandikisha jina kwa mkopo huo, hata kabla haujapitishwa, na tayari ameandika kurasa nne za mwongozo wake wa kazi, ambazo ukurasa wa kwanza wote unahusu betri.

Fomu ziko kwa katibu, upande wa Unguja na upande wa Pemba. Kila mmoja aje mkutanoni na namba ya kiwandani ya chombo chake, iliyonakiliwa kutoka kwenye chombo chenyewe na si kutoka kwenye boksi, kwa sababu tumeshakuta mbili ambazo hazifanani.