Mwezi umeandama, taa zimetoka ziwani: salamu za Idi kutoka Mwanza

Assalaam alaykum. Idi Mubarak, ndugu zangu wa Kirumba, Igogo, Pasiansi na Nyakato, na ninyi mlioko Dar es Salaam, Tabora, Kigoma na ng'ambo mnaouliza Mwanza kukoje leo. Taqabbalallahu minna wa minkum. Mola azipokee funga zetu, na aliyeumwa akashindwa kufunga Mungu amponye alipe kwa wepesi.

Leo magharibi mwezi tumeuona kwa macho yetu, juu ya maji, mwembamba kama mwiba wa dagaa. Haukukaa. Tangazo la Mufti halijaisha redioni, wenyewe ulikuwa umeshazama, ziwa limebaki jeusi. Hapo mitumbwi ikaanza kutoka mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki. Taa ya kwanza, ya pili, ya kumi, mpaka ukitazama kutoka kwetu mlimani unadhani kuna mji mwingine umejengwa majini.

Wengi mnakula dagaa wa Mwanza lakini hamjaona wanavyovuliwa. Dagaa huifuata taa. Ukiwasha taa kwenye giza wanakusanyika chini yake, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima, taa yako inakosa nguvu, na wavuvi hupumzika nchi kavu mpaka giza lirudi. Sasa hesabuni wenyewe. Mwezi mpevu ni tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wetu wa Kiislamu. Kumi la mwisho la Ramadhani ni giza. Usiku wa kuamkia Idi ni giza. Kwa hiyo baba mdogo, aliyekuwa mvuvi wa dagaa, tulifuturu naye katikati ya Ramadhani, na usiku wa Lailatul Qadri tulimwombea akiwa majini. Idi haikuwahi kumkuta amelala nyumbani. Alikuja na alfajiri, nguo zinanuka mafuta ya taa ya karabai, mkononi ndoo.

Idi ninazozikumbuka zaidi ni za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa kuwa mwaka wetu ni mfupi kwa siku kama 11, Idi el-Fitri wakati ule ilikuwa inaangukia Julai na Agosti, kiangazi kikavu. Waliokuwapo wanakumbuka pia hali ilivyokuwa: sukari ya foleni, sabuni ya foleni, mchele ukiupata unaufunga kwenye kanga usionekane njiani. Mama yangu ni mtu wa Tanga, na kwake Idi bila pilau haikuwa Idi. Alikuwa anadunduliza mchele wa Magu, kibaba kwa kibaba, tangu Shaabani. Ukipikwa ulikuwa kidogo, na kila nyumba ya jirani, Mwislamu kwa Mkristo, ilipata sahani yake iliyofunikwa kwa kawa. Sisi tulijazia kwa dagaa.

Na dagaa wale, wallahi, sijawahi kula kitu kama wao tena. Wabichi, wa usiku ule ule, bado wanang'aa kama sindano. Mama aliwaosha kwa maji mengi, akawatia chumvi na ndimu, akawakaanga mpaka wakalia wakitafunwa. Pilau na dagaa! Shangazi zangu wa Tanga walipokuja mara ya kwanza walishika vichwa. Siku ya pili waliulizia kama wamebaki.

Idi Mosi ilikuwa ya swala na wageni. Idi Pili ilikuwa ya ziwa. Tulipanda lori la jirani hadi upande wa Luchelele, watoto juu ya magunia, wamama na masufuria yao, mtu mmoja kazi yake ni kulinda mkaa usimwagike. Baba alinunua sato njiani kwa wavuvi, wale wa saizi ya kiganja cha mtu mzima na nusu. Sato wa kuchoma anataka kupasuliwa mistari mbavuni, chumvi iingie, kisha mkaa uliokwisha kutulia. Ukimweka kwenye moto unaowaka ngozi inaungua na ndani bado mbichi. Baba hakumruhusu mtu mwingine aguse. Alichutama pale akiwageuza hadi mafuta yanadondoka kwenye makaa yanachachatika, na sisi tumetoka majini tunatetemeka, midomo imekauka, tunasubiri upepo utugeuzie ile harufu. Kichwa cha sato kilikuwa cha bibi. Tuligombea mkia, ule mkavu.

Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Magu na kikapu chake cha matobolwa. Kwa msiomjua mtu wa Usukumani: viazi vitamu vikikatwa na kuanikwa vibichi ni michembe, vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, hayo ni matobolwa. Miaka ile ya kukosa sukari tulikunywa chai kavu tukitafuna matobolwa, na utamu wake ulitosha kikombe kizima. Mpaka leo nikiyanusa nauona mchanga wa Luchelele na yale mawe makubwa yaliyobebana.

Bibi alileta pia furu waliokaushwa. Hili linaniuma, mnivumilie. Furu ni samaki wadogo wadogo wa kila rangi, mifupa tele, mchuzi wake ulipikwa kwa karanga na kuliwa na ugali wa muhogo au wa mtama. Mkono mmoja wa mtoto ulijaza bakuli kwa ndoana pale kwenye miamba. Sangara, samaki mkubwa anayewala furu, alikuwa ameshapandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, lakini huku kwetu alishamiri miaka ile ile ya 1980, na ndani ya miaka michache bibi alikuwa anarudi kutoka mwaloni na kapu tupu. Sangara mwenyewe mwanzoni watu hawakumtaka, wakasema ana mafuta mno. Mama alimkaanga kwa mafuta yake mwenyewe, kwa kuwa ya dukani hayakupatikana. Leo sangara amejenga nyumba nyingi Mwanza, silikatai hilo. Furu wengine wamerudi. Ila ule mchuzi wa bibi sijaupata kwa mtu yeyote, na alipofariki sikuwa nimemuuliza karanga anazitia lini.

Tangu 1996 kuna jambo limeongezeka kwenye Idi Pili yetu. Tarehe 21 Mei mwaka huo MV Bukoba ilizama ikija Mwanza, na hakuna mtaa hapa ambao haukuzika. Kabla ya kugusa chakula ufukweni mama anasimama, anayageukia maji, tunawasomea Fatiha. Halafu watoto wanaruhusiwa kula. Mnaosafiri na boti sikukuu hii kwenda Ukerewe na visiwani, tafadhali, chombo kikijaa kiacheni. Machungwa ya Ukerewe yatawasubiri.

Miaka hii Idi imeangukia masika, na nyakati za masika ninawafikiria wanawake wanaoanika dagaa. Kiangazi dagaa wanakauka kwa siku moja ya jua. Masika mawingu yanajikusanya saa nane mchana na mwaloni mzima unakimbia kuzoa, kwa fagio, kwa mikono, kwa vipande vya maturubai. Walionyeshewa wanageuka rangi, bei inaanguka, wengine wanaishia kuwa chakula cha kuku. Walioanikwa mchangani mnawajua kwa meno yenu. Wa kwenye chanja hawana mchanga, na ukiulizwa bei ya juu kidogo sokoni kwa ajili hiyo, mpe yule mama. Amewanyanyua kutoka chini kwa mikono yake, kapu kwa kapu. Mmoja wa wamama hao jana aliniletea kisado kizima, akasema ni mkono wa Idi. Mungu amlipe.

Idi Pili tutakuwa Luchelele, inshallah, mvua ikiruhusu. Mama ana miaka themanini na ushee na pilau bado anaisimamia yeye, akiwa kwenye kiti. Aliye Mwanza asingoje kualikwa, aje na sahani yake. Aliye mbali aniambie yuko wapi, matobolwa yapo ya kutosha na basi la alfajiri halikosekani.

Baba mdogo aliacha kuvua mgongo ulipomshinda. Watoto wake ndio wako majini sasa, na taa zao za sola zisizonuka. Nimemuacha barazani, kanzu ya kesho imeshapigwa pasi, anahesabu taa. Amenituma niwasalimu wote.